Glavu Juani

Siku ya tatu baada ya goli lile, watoto wa mtaa mzima walikuwa wananusa viganja.

Mama Jezi, mfuaji wa klabu, aliwakuta asubuhi nje ya chumba cha kufulia, ubavuni mwa uwanja, alipokuwa anapapasa funguo mfukoni. Mmoja alisukuma mpira kwa ncha ya kidole cha mguu, mpira wa kulegea, hata paka angeusimamisha. Mwenzake akauinamia, akaupitisha katikati ya miguu yake mwenyewe, akajibwaga chini. Halafu akaleta viganja vyote viwili puani, akavuta harufu ndefu, akatabasamu. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaanza kugombea zamu. Kila mmoja alitaka kuwa Sumaku.

"Hamna shule leo?"

"Shikamoo bibi! Bibi, Sumaku yuko ndani? Tunataka kumnusisha!"

"Nendeni, kabla sijawamwagia maji ya sabuni."

Wakatimua mbio, wakinusa.

Sumaku lilikuwa jina la uwanjani. Mashabiki walimpa kwa sababu mpira ukifika mikononi mwake ulikuwa unaganda. Nyumbani alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Mama Jezi. Alimchukua akiwa na miaka minne, amevaa kiatu kimoja, akamlea kama aliyemzaa. Yeye mwenyewe hakujaliwa, na mumewe alitangulia mapema. Mtoto akakulia humo humo kati ya mabeseni. Hata kudaka alijifunza kwa soksi: Mama Jezi anazikunja fundo, anamrushia huku anaanika, juu, chini, kushoto, na mtoto anazikamata hewani. "Mama mkubwa, rusha ngumu!" Sasa alikuwa jitu la kuinama mlangoni, na bado alimwita hivyo hivyo, mama mkubwa, hata mbele ya waandishi wa habari.

Goli lenyewe lilikuwa la dakika ya themanini na nane. Krosi ya kawaida, juu juu, bila kasi. Sumaku aliruka, akaushika kwa mikono miwili, na mashabiki waliokuwa wamesimama wakaanza kukaa, maana waliona yamekwisha. Mpira ukateleza viganjani kama sabuni bafuni, ukaangukia katikati ya miguu yake, ukabingirika wenyewe mpaka ndani. Kombe likaenda kwa wengine.

Hilo peke yake watu wangelisahau. Kipa gani hajafungwa? Lakini jioni ile Baruti alikaa kwenye televisheni.

Baruti alikuwa mtangazaji wa michezo wa kituo kikubwa, mchana redioni, jioni kwenye kioo, na watu wengi walikuwa hawajui wameonaje mechi mpaka wamsikie yeye. Alichukua picha mbili akaziweka sambamba. Huku Sumaku kabla ya mechi, kwenye mstari, anainua glavu, anazinusa, anatabasamu. Huku mpira unateleza. Tabasamu, goli. Tabasamu, goli. Kisha taratibu, kisha taratibu zaidi, mpaka lile tabasamu la kufumba na kufumbua likawa refu kama barabara.

"Mtazamaji, mimi sisemi kitu," Baruti alisema, mikono juu. "Mimi nakuonyesha tu. Jiulize mwenyewe: mtu anatabasamu nini?"

Mama Jezi na Sumaku walikuwa wamekaa kochi moja, sahani mapajani. Hakuna aliyemeza.

"Kwani ulikuwa unacheka nini?" Mama Jezi akauliza.

"Nilikuwa nanusa tu, mama mkubwa. Zilikuwa zinanukia kama mashuka ya hapa nyumbani. Nilikuwa na woga, nikanusa, woga ukaisha."

Mama Jezi akafurahi, na papo hapo akaumia, kwa sababu harufu ile ilikuwa kazi yake.

Kesho yake kile kipande kilikuwa kwenye kila simu. Wengine wakakitia muziki. Kinyozi alikiweka kwenye televisheni yake ya ukutani, kikawa kinajirudia mchana kutwa juu ya vichwa vya wateja. Mtu anapima nyama buchani, ananusa viganja, foleni nzima inacheka. Siku ya pili watu walikuwa hawaulizi tena mtu anatabasamu nini. Walikuwa wanajua. Amekula hongo. Walijua hata rangi ya bahasha.

Na Mama Jezi naye, tusifiche, alikuwa anaangalia. Alisema haangalii, lakini simu ya jirani ikiletwa mbele yake macho yalikwenda yenyewe. Mara ya kwanza aliona mtoto wake anatabasamu. Mara ya kumi aliona mtu anatabasamu. Mara ya ishirini, Mungu amsamehe, aliona mtu anayejua kitu. Akairudisha simu haraka kama iliyomchoma, akaenda kusali, na katikati ya sala lile tabasamu likampitia tena, taratibu.

Kamati ya klabu ikatangaza kikao siku ya Ijumaa. Ingeamua kama Sumaku abaki au afukuzwe, na kipa akifukuzwa kwa jina la hongo hakuna timu nyingine inayomgusa. Kijana akawa hatoki nje. Alikaa chumbani na simu, mlango umerudishwa, na mwanga wa kioo unamchezea usoni.

Jumatano akarudi kazini Mzee Pampu, mtunza vifaa. Alikuwa amelazwa majuma mawili na kifua. Yeye ndiye aliyekuwa na stoo: mipira, koni, pampu, na glavu za makipa, ambazo hakumwachia mtu mwingine kuzishika. Siku hiyo aliingia chumba cha kufulia kumsalimia Mama Jezi, akaziona glavu za Sumaku zimetundikwa kwenye msumari. Akazitoa. Akabonyeza kiganja cha moja kwa kidole gumba, akasikiliza kama daktari.

"Dada, nani kafua hizi?"

"Mimi. Si ulikuwa hospitali? Zilikuwa mpya, za kwanza za maana alizowahi kupewa, nikasema haziendi fainali na tope la mazoezini."

"Kwa maji gani?"

"Ya moto. Ya moto sana, zilikuwa zimeingia majani."

"Na sabuni?"

"Ya unga. Nikamalizia na yale maji ya chupa ya kulainishia nguo, ili zinukie."

Mzee Pampu akaketi kwenye kreti la soda, polepole. "Halafu ukaanika wapi?"

"Juani, sasa ningeanika wapi? Juu ya bati, siku mbili. Viganja nikavigeuza juu, vikauke vizuri." Alisema kwa fahari kidogo, maana hakuna mtu kwenye klabu ile aliyejua kuanika kumzidi yeye. Kisha akauona uso wa mzee. "Nini?"

"Hiki kiganja ni mpira laini, dada. Ndicho kinachoushika mpira mwenzake. Hufuliwa kwa maji baridi na sabuni kiduchu, kama unamwosha mtoto mchanga. Hukaushwa kivulini. Jua hakitaki, kabisa. Hebu shika."

Mama Jezi akashika. Kilikuwa kikavu, kina nyufa nyembamba kama kisigino cha kiangazi, na kilikuwa kinateleza. Kikavu, na kinateleza. Alikuwa amezishika glavu zile mara nyingi, akaona zimekuwa nyeupe, akaona zinanukia, akaridhika.

"Hizi si glavu tena," Mzee Pampu alisema. "Hizi ni magome."

Mama Jezi akakaa kwenye sakafu ya saruji yenye maji, na sketi yake. Alikaa pale mpaka maji yakapenya.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa katibu wa klabu na glavu kwenye mfuko. Akamweleza kila kitu, maji ya moto, maji ya chupa, jua. Katibu alisikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alizishika glavu, akatikisa kichwa, akasema, "Nakuamini, mama."

"Basi waambie kamati."

"Kamati haiangalii glavu. Kamati inaangalia watu wanasema nini." Akaelekeza kidole kwenye redio iliyokuwa juu ya kabati, na sauti ya Baruti ilikuwa inaunguruma humo. "Mimi nikisimama pale nikasema kosa ni la sabuni, watanicheka mpaka wajukuu zangu. Nenda kwake. Akilisema yeye, Ijumaa kazi yangu itakuwa rahisi. Ngoja nimpigie simu, watakupokea."

Mama Jezi hakuwa amewahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya kuomba dua. Lakini akapiga moyo konde. Njia nzima alikuwa anajisemea: maji ya moto, maji ya kulainisha, jua. Mambo matatu tu. Hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuyashika.

Chumba cha kutangazia kilikuwa kidogo, kuta zake zimevikwa sponji kama zimeviringishiwa magodoro. Kulikuwa na taa nyekundu, na kioo kikubwa, na nyuma ya kioo mwanamume mmoja mwenye vitufe vingi. Kamera ndogo zilikuwa zimeinamisha shingo. Baruti akainuka kumpokea, na Mama Jezi akashangaa, kwa sababu alikuwa mfupi na mpole.

"Karibu mama yangu. Umekunywa chai? Mleteeni mama maji. Usiogope, mama, jione uko sebuleni kwako."

Alikuwa na kikohozi. Kola ya shati lake haikusuuzwa vizuri, sabuni ilikuwa imeganda kwenye mshono. Mama Jezi akamwonea huruma. Akavalishwa vile vya masikioni, taa ikawaka, na mtu mpole akaondoka akabaki Baruti.

"Wasikilizaji, leo nina mgeni! Nina mtu kutoka ndani kabisa ya klabu! Mama, wewe ni nani pale?"

"Nafua. Jezi, soksi, kila kitu."

"Na glavu za Sumaku, siku ile ya fainali. Kabla hazijafika mikononi mwake, nani alizishika mwisho?"

"Mimi."

"Zilikuwa salama?"

"Hapana, baba. Zilikuwa zimeharibika. Ni mimi niliyeziharibu."

Baruti akakaa wima. Nyuma ya kioo, mwenye vitufe akainua kichwa. "Mmesikia? Mmesikia, wasikilizaji? Mama, nitazame. Ulifanya makusudi?"

Swali hilo Mama Jezi hakulibeba njiani. Alijiandaa kuulizwa maji gani, sabuni gani, jua la saa ngapi. Kwamba mtu angeweza kufikiri, hata kwa mzaha, kwamba yeye angemfanyia hivyo mtoto aliyemrushia soksi, hilo lilimpiga kifuani. Akashusha macho. Akaweka kiganja mdomoni. Alikuwa anatafuta neno lenye uzito unaotosha, maana hapana peke yake ilionekana ndogo.

Mwenye vitufe akazungusha kidole hewani.

"Usiondoke hapo ulipo!" Baruti akasema. "Jibu la Mama Jezi, baada ya matangazo!"

Taa ikazimika. Na neno likaja.

"Hapana! Hapana, baba, Mungu wangu, makusudi tena? Sikujua! Nilidhani nazitunza." Na yote yakamtoka, kwa mpango kabisa, maji ya moto, yale ya kulainisha, jua siku mbili, magome ya Mzee Pampu, harufu ya mashuka, woga wa kijana, tabasamu. Akazitoa glavu kwenye mfuko, akamwekea mezani. Baruti alisikiliza akitikisa kichwa, na macho yake yakalowa kidogo, kweli kabisa, si kwa kuigiza.

"Vizuri sana, mama. Hivyo hivyo. Tukirudi utasema hivyo hivyo, usipunguze hata neno."

Masikioni mwa Mama Jezi mwanamke mmoja alikuwa anaimba juu ya sabuni ya unga inayong'arisha.

Kabla mwanamke hajamaliza, mlango ukafunguliwa, karatasi ikaingia. Kocha wa timu ya taifa amejiuzulu, sasa hivi, yuko kwenye simu. Baruti akasoma, akawa mtu mwingine tena, mara ya tatu kwa siku moja. Msichana wa pale akamvua Mama Jezi vile vya masikioni, taratibu, kwa adabu, akamshika kiwiko.

"Na jibu langu?"

"Tutakuita, mama. Siku nyingine."

"Lakini hawajasikia."

"Tutakuita."

Alipofika chini ya ngazi, mlinzi alikuwa ameinamia simu, na kwenye simu ilikuwa sauti yake. Ni mimi niliyeziharibu. Ulifanya makusudi? Kisha kimya. Macho yanashuka, kiganja kinapanda mdomoni. Mwisho mlio wa ngoma waliyoitia, du.

Mlinzi akainua uso, akamtazama yeye, akaitazama simu.

Haukupita mchana mmoja, mji ukageuka kama nguo, ndani nje. Waliokuwa wananusa viganja wakasahau kunusa. Kumbe kijana wa watu kaonewa! Kumbe adui alikuwa mle mle ndani, kwenye beseni! Wakasema alipaka mafuta. Wakasema alitumwa na wale waliochukua kombe. Mtu mmoja akapiga simu redioni akasema yeye alimwona kwa macho yake akipokea mzigo, na Baruti hakumbishia wala hakumkubalia. "Mimi sisemi kitu," alisema. "Nyinyi mmeona alivyonyamaza."

Mzee Pampu akaenda kituoni kwa Baruti kueleza habari ya mpira laini na kivuli. Hakuvuka mapokezi. Badala yake watu wakaanza kumuuliza yeye: ulikuwa hospitali juma lile lile? Kwa nini juma lile lile?

Ijumaa kamati ilikaa dakika kumi. Sumaku alihujumiwa, abaki, na Jumanne adake mechi ya kwanza ya ligi. Mashabiki waliokuwa nje wakamnyanyua mabegani. Katibu akamkuta Mama Jezi kwenye chumba cha kufulia, anakunja taulo.

"Mama, pumzika kidogo nyumbani."

"Mpaka lini?"

"Kidogo. Na Mzee Pampu naye."

"Si wewe uliniambia niende redioni?"

"Nilikwambia uende. Sikukwambia unyamaze."

"Sikunyamaza. Nilijibu. Nilijibu wakati wa matangazo."

Katibu akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyouma. "Sasa mama, wakati wa matangazo nani anasikiliza?"

Akamaliza kukunja taulo, akaweka funguo mezani.

Hata hivyo, njiani kurudi, moyo wake ulitulia. Alifanya hesabu ya mtu anayesali: jina la mtoto lilikuwa limechafuka, sasa limesafika. Kama doa limehamia kwake, yeye ni mtu wa madoa, ameishi nayo. Kwenye ibada mwanamke aliyekaa naye siku zote alimwitikia salamu kwa mdomo, mikono akaiacha ndani ya shali. Dukani wakamwomba asiguse nyanya, watamchagulia wenyewe. Watoto wa mtaani wakapata mchezo mpya: mmoja anauliza kwa sauti nene, ulifanya makusudi? Mwingine anashusha macho na kuziba mdomo. Mama Jezi akapita katikati yao. Alijiambia yote hayo anayaweza, mradi ndani ya nyumba yake kuna mtu mmoja anayejua.

Jumapili mchana Sumaku akaja akasimama kwenye mlango wa jikoni. Siku zote akiingia huinama. Siku hiyo alibaki nje, kizingiti cha juu kimemkata uso.

"Mama mkubwa, nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza, baba."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Kijiko kikasimama. "Wapi?"

"Pale. Alipokuuliza kama ulifanya makusudi."

"Nilikuwa natafuta neno."

"Neno gani? Si hapana tu?"

"Ilikuja. Ilikuja matangazo yalipoanza. Nilikwambia siku ile ile."

"Uliniambia." Akajikuna kidevu, hakumtazama. "Ni kwamba ukiangalia... unashusha macho. Halafu unaziba mdomo. Ukiangalia taratibu, ni kama mtu anayezuia kitu kisimtoke."

Mama Jezi akaifunika sufuria. Alikuwa anaogopa swali, lakini akaliuliza. "Umeangalia mara ngapi?"

"Sijui. Kila mtu ananitumia."

Basi akajua. Alijua kama mtu anayejua njia aliyokwisha kuipita kwa miguu yake. Mara ya kwanza alimwona mama yake mkubwa. Mara ya kumi alimwona mwanamke. Angemwambia nini? Kwamba na yeye alimwangalia mara ishirini, na mara ya ishirini akamshuku? Angesema hivyo angemponya au angemmaliza?

"Sikufanya makusudi, mwanangu," alisema. "Mungu ananiona."

Alilisema kwa moyo wote. Lakini hata masikioni mwake mwenyewe lilikuwa limechelewa, kama mtu anayeitikia hodi wageni wamekwisha kuondoka.

"Nakuamini," Sumaku akasema haraka, kwa sauti ile ile ya katibu. Kwapani alikuwa amebana glavu mpya, bado ziko kwenye karatasi yake. Mama Jezi akanyoosha mkono bila kufikiri, kama alivyonyoosha kwa miaka yote kila kitu cha mtoto yule kilipoingia ndani. Kijana akarudi hatua moja nyuma.

Wote wawili wakaitazama ile hatua.

"Hizi nitazifua mwenyewe," akasema.

Jumatatu alizivaa mazoezini, zikarudi na tope. Jumanne, siku ya mechi, Mama Jezi aliamka mapema kama kawaida ya mtu asiye na kazi. Alisikia maji yanamiminwa uani, akaenda dirishani. Sumaku alikuwa ameinamia beseni. Birika lilikuwa pembeni, linatoa mvuke. Alikuwa ametia sabuni ya unga, povu limefika viwikoni. Akasugua. Akasuuza mara mbili. Kisha akachukua kwenye kidirisha cha bafu ile chupa ya maji ya kulainishia, akamimina kifuniko kimoja, kama alivyokuwa amemwona mtu mmoja akifanya tangu ana miaka minne. Kufua kwingine hakukujua. Hakuna aliyewahi kumfundisha zaidi ya yeye.

Akazibeba mpaka kwenye kamba, palipo na jua kali kuliko pote. Akazibana. Halafu akazigeuza, viganja juu.

Mama Jezi akatoka mbio, khanga moja begani.

"Mwanangu, hapo sipo. Zitoe juani."

"Kwa nini?"

"Jua linaua kile kiganja. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Ziweke kivulini, au ziache mbichi hivyo hivyo, ni bora. Nakwambia kwa..."

"Mama mkubwa."

"Mwulize Mzee Pampu. Mpigie simu sasa hivi."

"Mzee Pampu na wewe mmefukuzwa siku moja." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kusukumwa huku na huku. "Nimesikia jua, nimesikia sabuni, nimesikia mafuta. Sijui tena. Mimi nataka zikauke tu, niende nikadake. Tafadhali, usiziguse. Yakitokea tena, nisiwe na cha kufikiria."

Akaingia ndani kuvaa.

Mama Jezi akabaki uani na kamba na glavu. Hatua nne. Mikono yake ilikuwa inamuwasha. Angezihamisha, angezilowesha kwa maji baridi, kazi ya dakika moja. Na ikiwa mpira utamteleza leo, kwa jambo lolote, kwa mvua, kwa refa, kwa bahati mbaya tu, atakumbuka kwamba mama mkubwa alizigusa. Na asipozigusa, mpira utateleza. Alizunguka njia zote kama anayetafuta mlango kwenye ukuta, akarudi pale pale.

Akachukua kigoda, akakiweka kwenye mlango wa jikoni, akakaa. Mikono akaiweka chini ya mapaja, akaikalia. Kivuli cha ukuta kilikuwa mbali na kamba. Alijua uani kwake kivuli kinakwenda mwendo gani. Hufika kwenye kamba saa tisa, na basi la wachezaji lilikuwa linapita saa saba. Glavu zikaanza kuwa nyeupe. Hata pale alipokaa aliisikia ile harufu, safi, ya mashuka, ya nyumbani.

Saa saba kasoro honi ikalia nje. Sumaku akatoka na begi, akazibandua kwenye kamba. Kwa mazoea akazileta puani. Katikati akakumbuka, akatazama kushoto na kulia, juu ya ukuta, dirisha la jirani. Hakutabasamu. Akazitia begini, akafunga zipu.

Getini akageuka.

"Niombee, mama mkubwa."

"Nakuombea," akajibu, mikono ikiwa bado chini ya mapaja, imekufa ganzi. Na alikuwa anaomba kweli, tangu asubuhi, macho juu ya lile anga lisilo na kitu, akitaka wingu moja tu lizitie kivuli.